Picha ya Ini la Mama Mkubwa

Kazi yangu ni kulaza picha juu ya picha. Nikiulizwa nyumbani Bagamoyo ninafanya nini huko hospitali Dar es Salaam, hilo ndilo jibu fupi ninalotoa, na watu huitikia kwa adabu kisha hubadilisha mazungumzo. Jibu refu ni hili. Mgonjwa mwenye uvimbe mdogo kwenye ini anaweza kutibiwa bila kupasuliwa. Daktari anapitisha sindano ndefu kwenye ngozi mpaka katikati ya uvimbe, ncha ya sindano inatoa joto, na uvimbe unaungua humo humo ndani ya mwili. Kabla ya hapo mgonjwa anapigwa picha ya CT, na baadaye anapigwa nyingine. Mimi nakaa mbele ya kompyuta, nauzungushia mstari uvimbe kwenye picha ya kwanza, nalizungushia mstari eneo lililoungua kwenye picha ya pili, halafu programu inazilaza picha hizo mbili moja juu ya nyingine na kutuambia kama joto lilifika kila mahali. Haitoshi uvimbe peke yake kuungua. Tunataka na nyama nzima inayouzunguka iungue kidogo, milimita tano hivi kila upande, kwa sababu saratani haikai ndani ya mpaka tunaouona kwa macho. Palipofunikwa vizuri programu inapaka kijani. Palipofunikwa kwa shida, njano. Palipoachwa, nyekundu.

Nilihitimu chuo kikuu nikiwa na hofu, na nikaajiriwa kwa mkataba mfupi nikiwa na hofu. Nikituma barua pepe naifungua tena kuona kama kweli niliandika nilichoandika. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, halafu najiuliza kama kule kuusukuma hakukuulegeza. Mama mkubwa husema nilizaliwa na wasiwasi wa watu wawili, na kwamba pacha wangu aliyenibwagia wa kwake yuko mahali fulani anaishi raha mustarehe.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea, katika nyumba ya mawe ambayo chokaa yake hudondoka kila msimu wa mvua. Anasuka ukili wa mikeka, asubuhi anawasomesha watoto wa kike Kurani, lakini mjini anajulikana zaidi kwa kazi nyingine. Ni muosha maiti wa wanawake. Anaitwa kutoka mitaa yote ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na mara nyingine mpaka Mbegani. Na mara nyingi huitwa mapema zaidi, mgonjwa akiwa bado na pumzi, ili akae kichwani pake na kumtamkisha shahada, maneno ya mwisho ya mtu huyo yawe hayo. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Huinama sikioni na kusema kwa sauti ya chini, bila haraka, kama anayemkumbusha mtu jina la mtaa wake.

Virusi vya homa ya ini alikuwa navyo miaka mingi bila kujua. Uvimbe ulionekana kwenye utrasaundi aliyokwenda kupigwa kwa sababu nyingine kabisa. Mdogo, daktari alisema, na uko mahali panapofikika. Alichomwa sindano, akalala hospitali, akarudi nyumbani akilalamika kwamba chakula cha wodini ndicho kilichotaka kumuua. Mwezi mmoja baadaye akaja kupigwa picha ya pili, na picha hiyo, siku ya Ijumaa, ikaja kwenye kompyuta yangu.

Nilimwomba daktari wetu wa mionzi ampe mtu mwingine kazi hiyo. Daktari huyo ni mama mmoja anayetembea haraka na kuongea haraka zaidi.

"Mtu mwingine nani?" akaniuliza. "Unamwona hapa?"

Chumbani tulikuwa wawili.

"Picha haina mama mkubwa wala shangazi," akasema. "Ina ini. Fanya, nitahakiki mwenyewe."

Basi nikafanya. Nilimtambua hata hivyo. Uti wake wa mgongo umepinda kidogo kushoto, kwa miaka ya kuinama juu ya watu. Nikauzungushia mstari uvimbe wa zamani. Nikalizungushia mstari eneo lililoungua, ambalo kwenye picha huonekana jeusi kuliko ini lingine kwa sababu damu haipiti tena hapo. Nikaiambia programu izilaze. Ikafikiri. Kisha uvimbe ukatokea ukiwa na kijani upande wa chini, njano ubavuni, na juu yake mwezi mwekundu, mwembamba, wa siku mbili tatu hivi.

Sikupiga kelele. Nilifuta mistari yangu nikaichora upya, nikiamini nimekosea mahali. Nyekundu ikarudi mahali pale pale. Nikatoka, nikanawa uso, nikarudi nikachora tena, safari hii nikiwa mkarimu, nikiuminya uvimbe kidogo na kulivuta eneo lililoungua kidogo, kama mtu anayejipunja kwenye mizani ili mwenziwe aridhike. Mwezi ukawa mwembamba zaidi lakini haukuondoka. Hapo nikaogopa kitu kingine tena, kwamba nimeanza kudanganya, na nikarudisha mistari kama ilivyokuwa.

Daktari aliinama begani pangu akaangalia kwa muda ambao kwake ni mrefu.

"Siipendi hii," akasema. "Jumatatu tutaitazama vizuri. Na usimwambie mgonjwa jambo ambalo sisi wenyewe hatujalijua. Unanielewa?"

"Ndiyo, daktari."

Nilielewa. Kilichonishinda ni namna ya kwenda nyumbani na uso wangu. Njia nzima nilikuwa naupanga. Nilijaribu uso wa uchovu, nikaona unafanana mno na uso wa msiba. Nikajaribu uchangamfu, nikakumbuka kwamba sijawahi kurudi nyumbani nikiwa mchangamfu hata siku moja.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona umekonda? Hospitali yenu hiyo inawatibu watu au inawala?"

Alikuwa ameketi mkekani, mguu mmoja umenyooka, ukili umemzunguka. Alinitazama nikivua viatu.

"Picha imesemaje?"

"Daktari ataiangalia Jumatatu."

"Na wewe hukuiangalia?"

"Mimi natayarisha tu."

Akanimiminia chai, tukazungumza juu ya bei ya miyaa ya kusukia na juu ya jirani aliyepaka nyumba yake rangi ya zambarau. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Nilikuwa namtazama upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, pale kanga ilipofungwa, na kuuona mwezi ule ukiwa hai ndani yake, unakunywa damu yake, unakua huku yeye akicheka habari za rangi ya zambarau.

Asubuhi ya Jumamosi wakaja kumwita. Kuna mama amefariki upande wa Mbegani. Nilimwambia hajapona sawasawa, aache wengine waoshe. Akanijibu kwamba wengine aliwafundisha yeye na anajua wanavyoruka nyuma ya masikio. Nikamfuata, si kwa kusaidia, maana mimi hata kushika kata ya maji karibu na maiti siwezi, bali kwa kuogopa asije akaanguka. Nilikaa na wanawake wengine kwenye mikeka uani mpaka alipomaliza kazi, na mpaka wanaume walipoondoka na jeneza kwenda kuzika. Ndipo akaja kukaa nasi, mikono yake ikinukia karafuu maiti na sabuni.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Miono, mtani wake wa siku nyingi. Watani wana ruhusa yao msibani, na huyo alikuwa haiachi hata chembe ya ruhusa yake ipotee.

"Ee, muosha maiti!" akasema kwa sauti ya kusikika uani kote. "Kumbe bado unatembea? Sisi Miono habari zilishafika, tukaanza kukata sanda."

"Najua mlikata fupi. Wachoyo nyie."

"Tuligawana na vyombo. Mimi nimepata lile sinia kubwa."

"Sinia lile limetoboka. Umefaidi."

Wanawake wakaficha vicheko kwenye mitandio. Binti wa marehemu mwenyewe alitabasamu, macho yamevimba.

"Wanasema ini lako limechomwa kama mshikaki," yule bibi akaendelea.

"Mshikaki hutiwa pilipili. Langu hata chumvi hawakutia."

"Na hiyo mashine ya picha je? Wanasema inaongea."

"Haiongei, inatoa amri," mama mkubwa akasema, na nikaona anajiweka sawa kwa hadithi. "Unalazwa chali, mikono juu ya kichwa. Wanakupiga dawa ya mshipani, joto linakupita mwili mzima mpaka unadhani umejikojolea. Unajipapasa kwa akili, maana mikono iko juu. Kitanda kinatembea chenyewe, kinakuingiza kwenye duara. Watu wote wanakimbia wanafunga mlango. Halafu sauti ya mwanamume ambaye hayupo inasema: Vuta pumzi. Zuia pumzi. Usipumue."

"Uwii!"

"Mara ya kwanza nilitii kama mtoto wa chuoni. Sikuwa najua kitu. Mara hii ya pili nilishachomwa, nilishajua. Nikajiuliza, huyu anayeniambia nisipumue, akisahau kuniambia nipumue je? Mimi nimekaa vichwani kwa watu wangapi hapa Bagamoyo nikiwatamkisha? Na sasa niko kwenye tundu, hakuna hata wa kunishika mkono. Basi nikatamka mwenyewe. La ilaha illa Allah. Kila aliponizuia, nikatamka, polepole, kwa ukamilifu, mpaka mwisho."

"Kwa hiyo umekufa mara ngapi?" mtani akauliza.

"Kaulize mashine."

Walicheka. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye ndoo na majivu, nikasimama nimeshika ukuta.

Ini halikai mahali pamoja. Liko chini tu ya msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kila ukivuta pumzi msuli unalisukuma chini, kila ukitoa linapanda. Ndiyo maana tunawaambia watu wazuie pumzi. Hakuna anayeweza kutamka maneno, hata kwa kunong'ona, bila kutoa pumzi. Picha ya kwanza ilimkuta mama mkubwa amejaza kifua na kutulia. Picha ya pili ilimkuta anatamka, ini lake linapanda taratibu huku mashine ikimkata vipande, kila kipande mahali pengine kidogo. Na programu, ambayo haijui habari za shahada, ikailaza picha ya ini linalotembea juu ya picha ya ini lililotulia, ikahesabu tofauti yao kuwa ni saratani iliyoachwa.

Kwa muda mfupi sana nilifurahi. Nakumbuka furaha hiyo kwa sababu ilikuwa kama kitu cha kuazima. Kisha nikaanza kuigeuzageuza, kama kawaida yangu. Kwamba picha ni mbaya haimaanishi kwamba uvimbe umekufa. Picha mbaya inaweza kuficha jambo baya vilevile inavyoweza kulizusha. Huenda chini ya mwezi wa uongo kuna mwezi wa kweli, mkubwa kuliko huu. Na huenda mimi, kwa kumtaka mama mkubwa awe mzima, nimeipokea hadithi ya kuchekesha watu msibani na kuifanya ushahidi. Nilimwandikia daktari ujumbe kwamba huenda mgonjwa alipumua wakati wa picha. Akajibu kwa mstari mmoja: "Picha mbaya si habari njema. Jumatatu."

Jumapili nilimweleza mama mkubwa. Nilijipanga tangu alfajiri na mpango wote ukaharibika kwa neno lake la kwanza.

"Sema," akasema, bila kuinua macho kwenye ukili. "Tangu Ijumaa unakunywa chai isiyo na sukari na wala husikii."

Nikachukua kanga zake mbili za doti moja kutoka kwenye kamba. Nikatandika moja mkekani, nikailaza ya pili juu yake, maua juu ya maua, pindo juu ya pindo. Nikamwambia uvimbe ni kama mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, na sisi tunataka pindo zima liuzunguke. Kisha nikavuta kanga ya juu kidogo, maua yakaachana. "Ukitamka, kanga ya juu inavutika," nikasema. "Tunaona pindo limepungua, na hatujui kama limepungua kweli au ni kanga imevutwa."

Aliligusa pindo la kanga ya juu kwa kidole.

"Kwa hiyo mmeona limepungua."

Nilianza kuinyoosha kanga ya juu. Hilo nalo lilikuwa jibu, na nilijua ni jibu.

"Wapi?"

Nikaonyesha juu.

Akarudisha ukili mapajani, lakini vidole havikuendelea. Mimi nilizoea kuwa ndiye mwoga wa nyumba ile. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na yeye alikuwa na kazi ya kunicheka. Kumwona mikono yake imetulia kulinitisha kuliko rangi yoyote kwenye kompyuta.

"Unaniambia nisitamke?" akauliza mwishowe.

"Nakuambia utamke kabla. Halafu unavuta pumzi, unazuia, unanyamaza."

"Na kama ikawa hapo hapo? Baada ya kunyamaza?"

Nilimaliza chuo kikuu. Nimesoma mwendo wa ini kwa milimita. Swali hilo halikuwemo kwenye masomo hayo. Alifikiri mwenyewe, na nilimwona anafikiri kama mtu anayetafuta kitu kwenye kasha lake mwenyewe, anayejua kuwa kimo humo.

"Mgonjwa akishatamka," akasema polepole, "sisi hatumrudii rudii. Tunamwacha. Hata akikaa kimya muda mrefu, maneno yake ya mwisho yanabaki yale yale. Isipokuwa akizungumza jambo jingine. Akiomba maji, akimwita mwanawe, hapo tunaanza upya." Akaniangalia. "Sawa. Nitatamka, halafu nitazuia pumzi yenu. Lakini nikishatamka mtu asinisemeshe. Asiniulize kitu cha kunifanya nijibu. Hata wewe."

"Hata mimi."

"Hasa wewe."

Jumatatu daktari aliifungua picha ile kwa ubavu, namna ambayo mimi katika hofu yangu sikuwa nimeifungua. Ukingo wa juu wa ini, ambao hutakiwa kuwa mviringo laini, ulikuwa umevunjika vunjika kama ngazi.

"Alikuwa anapumua," daktari akasema.

"Alikuwa anatamka shahada."

Alinigeukia kuona kama natania. "Basi arudiwe," akasema. "Na nenda wewe ukasimame na mtu wa CT."

Mtu wa CT ni kijana mpole ambaye ana mazoea ya kumfariji kila mgonjwa. Humwuliza kama yuko sawa, kama anasikia baridi, kama ana swali. Nilimweleza. Akaitikia kwamba ameelewa. Mama mkubwa aliporudi na kulazwa kwenye mashine, kijana akamfunika shuka na kusema, "Bibi, ukimaliza kuomba utaniambia."

"Bibi yako nani? Niite mama. Na sitakuambia, maana nikikuambia nitakuwa nimeongea. Utaniona nimenyamaza."

Alitamka. Nilimsikia nikiwa mlangoni, sauti ile ile ya chini ninayoijua, isipokuwa safari hii hakukuwa na sikio la mtu mwingine chini yake. Kisha akafunga mdomo. Kijana wa CT, kwa tabia njema tu, akafungua kinywa aulize kama yuko sawa. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akashtuka. Tukatoka, tukafunga mlango. Nyuma ya kioo nilisikia sauti iliyorekodiwa ikisema vuta pumzi, zuia pumzi, na mimi nikazuia ya kwangu. Kitanda kikapita. Kifua chake hakikusogea. Nilikitazama hakisogei na nikaanza kuwaza kwamba hakisogei kwa sababu nyingine, kwamba amekufa kwenye tundu kama alivyosema, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Sauti ikasema pumua kawaida. Kifua kikapanda. Sijui nilikuwa nimeshika nini, lakini vidole viliniuma.

Nikazilaza picha. Safari hii mistari niliichora nikiwa na daktari kando yangu. Ukingo wa ini ulikuwa laini. Mwezi mwekundu ulikuwa umeondoka karibu wote. Palipokuwa pekundu pamekuwa kijani, na kijani kilizunguka kama pindo. Ila mahali pamoja, upande wa ndani, kando ya mshipa mkubwa wa damu, kulikuwa na doa jekundu dogo kama punje ya mtama. Nilingoja daktari aseme ni kosa la picha. Alivuta kiti.

"Hii ni kweli," akasema. "Damu ya mshipa huu inapita kwa kasi. Tunapochoma, inachukua joto na kuondoka nalo, kama maji ya bomba yanavyopoza sufuria. Upande huu haukuiva." Akaligusa doa kwa kalamu. "Lakini tumeliona mapema, na tunajua liko wapi. Tutaingia tena kutoka pembe nyingine."

Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa na haki na haikuwa na haki. Nimejaribu mara nyingi kujua ni kiasi gani cha kila moja, na sijaweza. Kama mama mkubwa asingetamka, tungeliona doa hili Ijumaa, dogo na wazi. Kwa kuwa alitamka, niliona mwezi ambao haukuwepo. Najua pia kwamba kama asingesimulia vile msibani, huenda angechomwa mahali pasipo na kitu, na punje ile ingeachwa ikikua kando ya mshipa wake.

Daktari alimweleza mwenyewe. Mama mkubwa alisikiliza, mikono mapajani.

"Kubwa kiasi gani?" akaniuliza mimi, si daktari.

"Kama punje ya mtama."

"Na mnaweza kuifikia?"

Daktari akasema ndiyo, ila kwa tahadhari, kwa sababu ya mshipa. Hakuficha kwamba mshipa unaweza kuumia. Mama mkubwa akauliza ni lini. Hakutania kitu. Tulipotoka nje alinishika kiwiko, na uzito wake wote ulikuwa kwenye mkono ule.

"Naogopa," akasema.

Alikuwa hajawahi kuniambia neno hilo. Nilifungua kinywa nimwambie asiogope, nikaona ni uongo na ni upuuzi, mimi kumwambia mtu asiogope. "Na mimi," nikasema. Tukatembea hivyo mpaka getini.

Siku ya sindano ya pili alilazwa usingizi kamili, na mtaalamu wa usingizi alikuwa akimpumulia kwa mashine. Kabla ya hapo alitamka, na chumba kizima kilinyamaza kama alivyotaka. Nesi aliyekuwa anatafuta mkasi aliutafuta kwa ishara. Doa lile nililiwekea alama mimi kwenye picha ya kumwongoza daktari, na daktari alihakiki, na mimi nikahakiki alivyohakiki. Walipomaliza kuchoma wakampiga picha papo hapo, pumzi yake ikiwa imesimamishwa na mashine, nami nikakimbia nayo kwenye kompyuta. Programu ikafikiri. Kijani. Nikaizungusha juu, chini, ubavuni, kando ya mshipa. Njano kidogo mahali pamoja. Nyekundu hapana. Nikafuta mistari nikaichora upya. Kijani. Nikaanza kuifuta kwa mara nyingine.

"Acha," daktari akasema nyuma yangu. Kofia ya upasuaji ilikuwa bado kichwani. "Ukiichora mpaka kesho haitakuwa kijani zaidi. Anaamka. Nenda kamwambie."

Alikuwa kwenye kitanda chenye magurudumu ukumbini, midomo imekauka, macho yanatafuta. Nilisimama upande anaoweza kuniona, na sikusema kitu, kwa sababu sikujua kama katazo lake bado linafanya kazi. Akanitazama mpaka akanifahamu.

"Limefunikwa?" akauliza.

"Limefunikwa."

"Lote?"

Nilitaka sana kusema lote. Lilikuwa neno fupi na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kuna vitu vidogo kuliko vinavyoonekana kwenye picha yoyote, na baada ya miezi mitatu atalala tena kwenye kitanda kile, na mingine mitatu baadaye tena, na kila mara mimi nitakaa mbele ya kompyuta nikisubiri rangi.

"Lote tunaloliona," nikasema.

Alilipima neno hilo. Nilimwona akiligeuza, akikuta mahali lilipopungua, na akilipokea hivyo hivyo.

"Basi nipe maji," akasema.